Pumzi ya Kufikia Nyumbani

Kuna uchovu wa kulala ukaisha, na kuna ule ambao ukiamka unaukuta umekaa pembeni ya kitanda unakungoja. Shu-chuan alikuwa na huo wa pili. Alikuwa fundi wa mashine ya pumzi katika hospitali moja kubwa ya Taichung, ile mashine inayovuta damu ya mgonjwa kwa mrija wa pajani, ikaipitisha kwenye pafu la plastiki, ikaitia hewa, kisha ikairudisha mwilini kwa mrija wa shingoni. Damu inatoka nyeusi na kurudi nyekundu. Mapafu ya mwenyewe yanapewa nafasi ya kupumzika ili yapone. Mara nyingine yanapona. Mara nyingine yanapumzika moja kwa moja.

Mapafu ya Mzee Liao Tsai-wang yalichagua hilo la mwisho. Alikuwa mkulima wa vitunguu saumu kutoka Yunlin, mtu mkavu, mbishi, ambaye mafua makali yalimwangusha kabla ya sikukuu ya mwaka mpya. Sasa saumu zilikuwa zinang'olewa mashambani, na picha ya kifua chake ilikuwa ingali nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Lakini kilichomchosha Shu-chuan kuliko vyote ni kwamba mzee alikuwa macho. Mgonjwa aliyelazwa usingizi ni rahisi, unahudumia mashine tu. Huyu alikuwa anakutazama. Sauti hakuwa nayo, kwa sababu ya tundu walilomtoboa kooni, ila midomo yake ilisema, na akitaka kukuita alipiga ulimi kwenye kaakaa kama anayemwita mbuzi.

Mkewe, Kim-ti, alikuwa mwanamke mfupi wa viganja vigumu, na ulimi wake kweli haukuwa na mfupa. Saa za kutembelea zilipofika aliingia, na kabla ya kumsalimia mumewe aliushika kwanza ule mrija mwekundu unaorudi, akaufumba kiganjani kama anayepima uji wa mtoto.

"Una moto," alisema. Ndipo akageuka. "Haya, baba Bun-hiong, umeamkaje?"

Juu ya mashine palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi. Kila mashine ya maana kisiwani kwao ina yake, za benki na za treni pia, kwa kuwa jina la vitafunio hivyo ni kama kumwambia mtoto atulie, awe na adabu. Sharti pakiti iwe ya kijani, isiliwe, na isiwe imepitwa na tarehe. Shu-chuan alikuwa na shahada mbili, na kila alipoanza zamu aliikagua tarehe ya pakiti kwa umakini uleule aliokagulia tarehe ya maji ya chumvi. Siku moja Kim-ti, kwa nia njema kabisa, akaleta ya njano.

"Shangazi!" Shu-chuan alimdaka mlangoni. "Ya njano ni taa ya hatari! Unataka mashine ilie mpaka asubuhi?"

"Dukani za kijani zimeisha."

"Basi itabidi tuile."

Wakaila wote wawili kwenye ngazi za dharura, wakicheka, vidole vimejaa unga. Tangu hapo kuitana binti na shangazi kukawa kwa moyo, si kwa adabu tu. Kwa fundi wa mashine hilo ni kosa, na Shu-chuan alilijua. Ukishampenda mtu, zamu inakuwa ndefu zaidi.

Siku ya kikao cha kuamua la kufanya, Daktari Peng, mkuu wa kitengo, aliwaita Kim-ti na Shu-chuan kando ya kitanda, kwa kuwa mzee alikataa kabisa kusemwa akiwa hayupo. Daktari alieleza polepole. Mapafu hayarudi. Ya kupandikizwa hapati, umri umekwenda na figo nazo zimeanza kuchoka. Pafu la plastiki limebadilishwa zaidi ya mara moja, na hili la sasa limeanza kugandisha damu. Wanaweza kuendelea, lakini wanaendelea kwenda wapi?

Mzee aliangalia dari. Midomo yake ikasema neno moja, na Kim-ti akalitoa kwa sauti.

"Nyumbani."

Kim-ti akaendelea mwenyewe. "Umesikia, daktari. Afie nyumbani, ukumbini, mbele ya mababu zake, pumzi ingali imo. Akikata roho njiani ni maiti baridi, na maiti baridi haiingii kijijini kwetu. Watamlaza chini ya turubai kando ya barabara. Mtu aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, alale nje kama mzigo usio na mwenyewe?"

"Najua, shangazi," alisema Daktari Peng. "Tutafanya kama tunavyofanya siku zote. Tutaizima mashine hapa, tutampa dawa asiumie, tutamfunga mfuko wa hewa kooni na msaidizi ataukamua mpaka mlangoni kwenu. Mkishamlaza, mnautoa."

Shu-chuan alitazama viatu vyake. Mfuko ule alikuwa ameukamua mara nyingi mno. Mgonjwa anakata roho gari halijatoka getini, nawe unaendelea kukamua, kifua kinapanda na kushuka, mpaka ukumbini. Familia inasema tumefika, baba, tumefika, na hapo ndipo inahesabiwa kwamba amekufa. Ni uongo wa huruma na kila mtu anaujua. Lakini uongo wa huruma nao ni mzigo, na mikono yake ilikuwa imeuchoka.

"Mama mkwe wangu alirudishwa hivyohivyo," Kim-ti alisema, na mara hii sauti yake ilishuka. "Mimi ndiye niliyemvalisha soksi. Watu wanalia, ati ndiyo kwanza amekata roho, na mimi nimeshika mguu wa baridi ya tangu Taichung. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii. Kwa huyu sinyamazi. Huyu afike mzima."

"Bila mashine hafiki, shangazi. Ni mwendo wa zaidi ya saa nzima. Yeye ana dakika tu."

"Basi niambieni mapema nikanunue turubai zuri."

"Twende na mashine," alisema mtu.

Shu-chuan alishangaa kugundua kuwa sauti ile ilikuwa yake. Kesho ilikuwa siku yake ya kupumzika, na alikuwa ameingoja kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Daktari Peng alimgeukia. "Mashine inasafiri kwenda kuleta watu, Shu-chuan. Haisafiri kwenda kuwazima."

"Barabara ni ileile, daktari."

"Na huko nani ataizima?"

"Mimi. Kwani hapa ingezimwa na nani?"

Ulimi ulipigwa kitandani. Midomo ya mzee ilisema kitu kirefu, na Kim-ti akacheka kabla hajakieleza. "Anasema humu ndani mwenye akili ni huyu msichana peke yake. Na anasema mfanye upesi, mwanawe hajui kukausha saumu."

Daktari Peng alitoka na simu yake, akakaa nje kitambo, akazozana na mkubwa mmoja wa ghorofa za juu. Aliporudi alikuwa amekunja uso. "Kesho asubuhi," alisema. "Na mimi nakuja. Likiharibika, angalau tutatukanwa wawili."

Gari lilikuwa la A-tek, dereva mtafuna tambuu aliyewahi kubeba mashine na watu wake huku na huko mpaka akajifanya naye ni nusu daktari. Mzee alilazwa katikati. Kim-ti akakaa kichwani pake, Daktari Peng miguuni, na Shu-chuan akajibana kati ya mashine na ukuta wa gari, goti limekunjwa mahali ambapo goti halikunjiki. Alikuwa ameifunga pakiti mpya ya kijani juu ya mashine kwa plasta.

"Tarehe umeangalia?" A-tek aliuliza.

"Nimeangalia."

"Basi twende."

Mtu anayerudishwa kufia kwao huambiwa njia, hasa penye maji, roho isije ikabaki ng'ambo. Walipofika daraja la kwanza Kim-ti aliinama sikioni mwa mumewe na kupaza sauti. "Baba Bun-hiong! Tunavuka daraja!"

Mzee akafumbua jicho. Midomo ikacheza.

"Anasema nini?" Daktari Peng aliuliza.

"Anasema yeye si maiti, daraja analiona." Akamgeukia mumewe. "Unaliona wapi na wewe umelala chali? Nyamaza nikuongoze!"

Daraja la pili akalitangaza, na la tatu pia. A-tek akashindwa kuvumilia. "Shangazi, hilo ni mtaro tu!"

"Wewe endesha! Mtaro una maji, hauna?"

"Una maji."

"Haya."

Daktari Peng alicheka mpaka akavua miwani. Hata Shu-chuan alitabasamu, ingawa macho hayakubanduka kwenye kioo cha mashine. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa nyuma. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipompeleka mtu aliyepona nyumbani kwake, kisha akakumbuka kwamba waliopona huondoka kwa miguu yao na hawahitaji fundi.

Walipofika mto Choshui utani ulikwisha. Mto ule ndio mpaka, ng'ambo yake ni Yunlin, na daraja lake si la kuvuka kwa pumzi moja. Maji yalikuwa yamekauka na upepo ulikuwa unaukoroga mchanga wa mtoni hata mbele hapaonekani. Lori likazuka ghafla katika lile vumbi na A-tek akakanyaga breki. Gari likanesa. Mrija mweusi wa pajani ukaanza kutetemeka na kurukaruka, mashine ikalia, na damu ikawa haivutiki.

Shu-chuan alipunguza mwendo wa pampu, kwa kuwa mshipa ulionywea ukiuvuta kwa nguvu unajifunga kabisa. "Miguu juu!" alisema. Daktari Peng akaiweka miguu ya mzee begani kwake kama mpagazi. Shu-chuan alifungua maji ya chumvi yakashuka mbio, akangoja. Hakuna kazi ngumu kama hiyo ya kungoja huku mkono hauna la kufanya. Midomo ya mzee ilikuwa inageuka rangi ya biringanya.

"Wewe!" Kim-ti aliifokea mashine. "Tulia! Umevikwa kijani ya nini?" Kisha akainama, na sauti ikawa nyingine. "Baba Bun-hiong, tunavuka daraja. Bado tunavuka. Ni refu, unalijua. Usishuke hapa. Usishuke."

Mrija ukaruka mara nyingine, ukalegea, ukatulia. Shu-chuan akapandisha pampu kidogokidogo, kwa hofu ya kuiamsha tena. Uso wa mzee ulianza kurudia rangi yake. Kiganja cha Kim-ti kikautafuta mrija mwekundu, kikaufumba.

"Una moto," alisema, na hakuuachia mpaka mto ulipoisha.

Kijiji walikijua kwa harufu kabla ya kukiona. Saumu zilikuwa zimetandazwa mashambani, barabarani, kwenye paa za mabanda, hata uwanja wa hekalu. Zilimwingia Shu-chuan puani mpaka macho yakatoa machozi. Mzee alipiga ulimi. Hewa yake ilikuwa inapita kooni na pua yake haikuwa na kazi, kwa hiyo ilibidi aulize.

"Zinanuka?" Kim-ti aliyarudia maneno yake. "Zinanuka, mume wangu. Zinanuka mpaka daktari analia."

Bun-hiong, mwana wao, alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya shambani, macho yamevimba. Kizingiti cha ukumbi kilikuwa kirefu kama vizingiti vyote vya ukumbi wa mababu, hakikanyagwi, kinarukwa. Wakaibeba mashine watu wanne kukipita, Shu-chuan akiishikilia mirija kifuani kwake, akipiga kelele za pole, pole, polepole. Ndani, picha za miungu zilikuwa zimefunikwa karatasi nyekundu, wasishuhudie kifo. Upande wa kushoto palikuwa na mbao zimetandikwa juu ya mabenchi mawili, na shuka mpya juu yake. Ndicho kitanda cha mwisho. Kwa kawaida mwenye kulazwa pale huwa hana habari tena ya kitanda wala shuka. Mzee Liao aliziangalia zile mbao kwa makini, kisha midomo ikasema.

Kim-ti alikohoa. "Anasema mbao hizo ni za kibanda cha saumu. Mkimaliza mzirudishe."

"Tutazirudisha, baba," alisema Bun-hiong, na hapohapo akaanza kulia.

Mashine nayo ikaanza kulia. Daraja la Choshui lilikuwa limeinywa betri kuliko Shu-chuan alivyokadiria. "Umeme!" alisema. "Wapi pa kuchomeka?"

Ukumbi mzima ulikuwa na tundu moja la umeme, nyuma ya meza ya mababu, na tundu hilo lilikuwa na kazi. Taa mbili nyekundu zilichomekwa pale, moja kulia na moja kushoto kwa vibao vya majina ya wazee. Tangu umeme uingie kijijini taa zile hazikuwahi kuzimwa na mkono wa mtu.

"Dada, hizo haziguswi," Bun-hiong alisema, uso umemshuka.

"Jikoni je?"

"Waya haufiki."

Shu-chuan hakuthubutu kunyoosha mkono. Alikuwa mtu wa kisiwa kilekile, na nyumbani kwa baba yake zilikuwepo taa kama zile. Mashine ililia tena. Kim-ti akamsukuma mwanawe pembeni, akasimama mbele ya meza, akaunganisha viganja.

"Wazee, samahanini," alisema. "Mwenzenu anaingia, na pumzi yake inakula umeme. Kaeni gizani kidogo. Na ninyi mliwahi kuwa wagonjwa."

Akauchomoa mwenyewe waya wa taa, akachomeka wa mashine. Ukumbi ukaingia giza, mashine ikaacha kulia.

Basi alikuwa amefika, na alikuwa mzima. Kim-ti alimvua soksi za hospitali, akamvalisha za pamba alizozinunua yeye, na alipoushika ule mguu aliuegemeza shavuni, akafunga macho. "Moto," alisema peke yake. Majirani waliingia mmojammoja, wakashika mkono wa mzee, wakamsimulia bei na mvua. Bun-hiong alimletea kichwa cha saumu kutoka uwanjani. Daktari Peng alikubali, wakamgusisha punje moja kwenye ulimi. Mzee alikunja uso.

"Mbichi," Kim-ti alisoma midomo. "Anasema mzirudishe juani."

Watu wote walicheka, na baada ya kicheko hicho kila mtu alijua kinachofuata. Hili Shu-chuan hakulitegemea. Anayefika na mfuko wa hewa kooni amekwisha kufa, kinachobaki ni kulia. Lakini aliyefika mzima, anaonja saumu na kugombeza watu, hana sababu yoyote ya kufa mchana ule. Chai ilichemshwa, ikanywewa, ikachemshwa tena. Daktari Peng alikuwa amekaa kwenye kigoda, dawa ya kumtuliza mzee iko tayari mfukoni mwake, na hakuitoa.

Bun-hiong ndiye aliyeanza. "Dada, si muiache tu? Umeme tutalipa. Mimi nitajifunza kuiangalia."

Shu-chuan angeweza kumdanganya. Angesema sheria haziruhusu, na kijana angeichukia serikali badala yake. "Mtungi wa hewa unaisha jioni," Shu-chuan alijibu. "Na pafu lenyewe linaganda, mdogo wangu. Ningeweza kukuachia, ningekuachia."

Ulimi ulipigwa. Safari hii mzee hakumtazama mkewe ila yeye fundi, na midomo yake ikasema neno moja pekee. Shu-chuan hakuhitaji mkalimani. Nimechoka. Neno lile alikuwa analijua, alilala nalo na kuamka nalo, na kumwona mtu mwingine analitamka bila haya kulimfanya atake kukaa chini palepale sakafuni.

Kim-ti naye alikuwa amelisoma. Hakulia. Aliunyoosha mkono, akaufumba mrija mwekundu kama alivyofanya kila siku, ila leo hakusema kitu kuhusu moto.

"Binti, nikuulize, na usinidanganye."

"Uliza, shangazi."

"Pumzi yake hivi sasa iko wapi? Imo kifuani mwake, au imo humu?"

Daktari Peng alifungua mdomo kutoa maelezo. Shu-chuan akamtangulia. "Imo humo, shangazi."

"Nilijua." Kim-ti aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi mkifunga mirija yenu mkaondoka, pumzi yake inaondoka nanyi. Itarudi mpaka Taichung, itamwagwa kwenye pipa la hospitali. Na hapa mimi nitakuwa nimemlaza nini? Si ni yaleyale ya mama mkwe?"

Swali hilo halimo katika shahada yoyote. Mashine ikizimwa kwa mtu asiyepona, mirija inabanwa, na damu iliyomo, kama bilauri mbili tatu hivi, inatupwa pamoja na mirija. Shu-chuan alikuwa ameitupa mara nyingi bila kuifikiria. Sasa aliiangalia inavyopita pale mbele yake, nyeusi ikienda, nyekundu ikirudi, na aliona haya.

"Nitairudisha yote," alisema. "Nitairudisha kwanza, ndipo nifunge."

"Shu-chuan." Daktari Peng alisema kwa sauti ya chini. "Pafu lina vidonge vya damu iliyoganda. Huwa haturudishi."

"Leo vidonge vitamfanya nini, daktari?"

Daktari alimtazama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaitoa dawa.

Majirani walitoka. Bun-hiong alipiga magoti miguuni. Dawa ilipoingia, mikunjo ya uso wa mzee ilianza kufunguka mmojammoja, na Kim-ti akaweka mdomo sikioni mwake.

"Baba Bun-hiong, umefika. Hakuna daraja tena. Hapa ni kwako."

Midomo ilisema kitu kifupi, na hicho Kim-ti hakukitafsiri kwa mtu.

Shu-chuan aliubana mrija mweusi karibu na paja. Nyuma ya kibano aliunganisha mfuko wa maji ya chumvi, akaiacha pampu izunguke polepole kuliko alivyowahi kuizungusha. Maji yakaanza kuisukuma damu mbele yake. Mrija ulikuwa mweusi, ukawa mwekundu hafifu, ukawa wa waridi, ukawa mweupe kama kioo. Damu ilipita kwenye pafu ikachukua hewa yake ya mwisho, ikatoka ng'ambo nyekundu ya kung'aa, ikapanda kifuani, ikafika shingoni. Kim-ti aliifuata kwa kidole, hatua kwa hatua, hadi tone la mwisho likaingia. Hapo Shu-chuan akabana mrija wa pili na kuisimamisha pampu.

Ule mvumo uliokuwa masikioni mwao wote ukatoweka, na ndipo waliposikia kuku wa uani. Kifua cha mzee kilikuwa kimetulia. Kisha kikapanda, chenyewe, kidogo tu, na hewa ikasikika ikipita kooni.

Kim-ti aligeuka haraka. "Hii ni yake?"

"Hii ni yake, shangazi."

Ikaja nyingine. Ikaja ya tatu, ndogo zaidi. Waliingoja ya nne kwa muda mrefu, mpaka Daktari Peng aliposimama, akaweka vidole shingoni mwa mzee, akainamisha kichwa. Bun-hiong alianguka juu ya miguu ya baba yake. Mama yake aliushika mguu mmoja, ndani ya soksi ya pamba, na machozi aliyoyaweka tangu kabla ya mwaka mpya yakatoka yote.

Baadaye Bun-hiong alikwenda nyuma ya meza, akachomoa waya wa mashine na kuchomeka ule wa taa. Ukumbi ukawa mwekundu. Shu-chuan alikuwa akikunja mirija yake, mgongo unamuuma, macho hayaoni vizuri. Kim-ti alikuja akaibandua ile pakiti ya kijani juu ya mashine.

"Hii niachie," alisema. "Nitamwekea. Huko aendako nako atulie, asiwasumbue watu."

"Tarehe yake bado ni nzuri," alisema Shu-chuan, na kwikwi ikamkata hapohapo.

Wakaiinua mashine, A-tek mbele, daktari nyuma. Walipofika kizingitini Kim-ti aliwaambia wangoje. Akautafuta ule mrija aliozoea kuushika, akaufumba kiganjani. Ulikuwa mweupe na wa baridi. Akaupapasa kuanzia mwanzo mpaka mwisho wake, hakuacha hata kipande, kisha akaachia.

"Hamna kitu humu," alisema. "Haya, ichukueni."